Modemu Haikai Kidakani: Kasi ya Intaneti Katika Nyumba za Siyu

Ni saa tatu za usiku. Mama amekaa ukumbini akizungumza na mwanawe aliyeko Uarabuni, na kila anapomuuliza hali, sura ya kijana huganda kwenye kioo cha simu na sauti yake hukatika. Chumba cha pili, binti angoja fomu ya maombi ya chuo ifunguke, na siku ya mwisho ni kesho. Baba ajuta kwamba hakununua bando kubwa zaidi. Wengi wetu tumefanya kama baba huyu: tumeongeza fedha, na kasi imebaki ile ile.

Ndugu msomaji, bando mara nyingi hupima wingi wa data, wala si upesi wake wa kufika. Birika la maji likiongezwa ukubwa na mfereji ukabaki mwembamba, maji yatatoka kidogo kidogo kama jana. Basi yatupasa kuutazama mfereji.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kwa kupitia chini ya bahari, zikaiunganisha Kenya na ulimwengu kwa uwezo mkubwa kuliko ule wa satelaiti uliotegemewa hapo awali. Kutoka huko habari husafiri hadi kwenye mnara wa simu, na kutoka mnarani hurushwa hewani kwa mawimbi ya redio. Hatua hii ya mwisho, baina ya mnara na modemu, ndiyo iliyo dhaifu zaidi, na ndiyo tuwezayo kuitengeneza kwa mikono yetu.

Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zenye kuzuia joto. Kuta hizo hizo huyapunguza nguvu mawimbi ya redio. Mabati huyarudisha yalikotoka, na tangi la maji huyameza. Nasi, kwa kupenda nyumba nadhifu, huiweka modemu kidakani, katika ukuta wa ndani kabisa, pamoja na vikombe vya sini. Hapo ni mahali pa heshima, lakini kwa modemu ni gerezani. Siyu ilisifika kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Hapana shaka walijua kuketi palipo na nuru. Modemu nayo yataka nuru yake.

Ipandishe orofani, karibu na dirisha lielekealo mnara, mbali na mabati na vyombo vya chuma. Iepushe na jua kali, kwani ikipata joto jingi hupunguza kazi. Ikiwa ni ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, tumia waya wa USB wa kurefushia, usiozidi mita 5, uifikishe dirishani. Modemu nyingine zina tundu la antena ya nje. Antena iliyoinuliwa juu ya paa na kuelekezwa mnarani husaidia sana.

Usikisie, pima. Katika ukurasa wa mipangilio wa modemu nyingi mna nambari ya nguvu ya mawimbi, yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: −85 ni nzuri kuliko −110. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu inayopokewa huwa mara 10. Kisha pima kasi yenyewe kwa programu ya kupimia, asubuhi na usiku, ukiandika matokeo. Badilisha jambo moja tu kila mara, upate kujua lililofaa.

Kumbuka pia kwamba kasi hutajwa kwa megabiti, na ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Faili ya megabaiti 40, kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, itachukua sekunde 80.

Iwapo nambari ya mawimbi ni nzuri na usiku kasi bado hushuka, huenda mnara umeelemewa, maana wote walio chini yake hugawana uwezo mmoja. Hapo dawa ni kuchagua wakati: faili kubwa na masasisho ya simu yangoje alfajiri.

Na ndani ya nyumba pia tunagawana. Video moja itazamwayo chumbani yaweza kumkatia mama sauti ya mwanawe. Watu wa nyumba na wakubaliane: mwenye fomu ya mwisho wa muda atangulie, mwenye mchezo angoje.

Basi usiku wa leo, kabla ya kununua bando jingine, itoe modemu kidakani uipeleke dirishani. Huenda safari hii mama akaisikia salamu ya mwanawe hadi mwisho.