Mbawakawa Mmoja au Watatu?

Mwaka 2003, huko Whittier Narrows katika kaunti ya Los Angeles, alipatikana mbawakawa mweusi wa milimita mbili hivi, mtoboaji wa miti. Wataalamu walimchunguza kwa hadubini wakampa jina la Euwallacea fornicatus, mdudu aliyejulikana tangu zamani kwa kutoboa michai Sri Lanka. Kwa umbo walifanana mno. Kilichotia shaka ni miti aliyoishambulia, ikiwemo mialoni na, ilipofika 2012, miparachichi.

Mbawakawa hawa hawali mbao. Jike hubeba kuvu katika vifuko vilivyo ndani ya kinywa, akachimba njia ndani ya mti na kuipanda humo ili watoto wake waile. Kuvu hiyo ndiyo huziba mishipa ya maji, matawi yakanyauka.

Basi, ili kumtambua mdudu pamoja na kuvu yake, maabara humgawa mdudu mmoja kwa kazi mbili. Jike huoshwa, kichwa hukatwa, husagwa katika maji safi na kupakwa kwenye sahani yenye lishe, ambako kuvu huota baada ya siku chache. Kiwiliwili hutolewa DNA, na kipande cha jeni ya mitokondria kiitwacho COI husomwa.

Majibu yalikuwa wazi. Mdudu wa Los Angeles alilingana na yule aliyekuwa akiharibu miparachichi Israeli tangu 2009, na wote walibeba Fusarium euwallaceae. Kuvu ya mdudu wa chai ni Fusarium ambrosium. Kisha San Diego akapatikana wa tatu, mwenye DNA yake na kuvu yake, Fusarium kuroshium.

Hata hivyo, COI peke yake haitoshi. Majike wengi hupandwa na kaka zao humo humo ndani ya mti, na koo zinazozaana zenyewe kwa zenyewe hutofautiana haraka hata zikiwa za spishi moja. Kuvu nayo inaweza kuhama, mdudu akaokota ya jirani. Ndiyo maana husomwa pia jeni za kiini cha seli, vipimo vya mwili vikarudiwa, na hukumu ikatolewa pale ushahidi wote unapokubaliana.

Uhakiki wa 2019 ulirudi hadi kwenye kielelezo cha Ceylon (Sri Lanka ya leo) alichokieleza mtaalamu wa wadudu Eichhoff mwaka 1868, na jina fornicatus likabaki kwa mharibifu wa miparachichi. Mdudu wa chai sasa ni Euwallacea perbrevis. Anayesoma ripoti za zamani za chai lazima aliangalie jina fornicatus kwa makini.

Kwetu jambo hili ni la haraka. Huyo wa miparachichi alitambuliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2017, nasi tunalima chai na parachichi Njombe na nyanda za juu za Kenya. Mkulima akiona vitundu vidogo vyenye unga mweupe wa sukari kwenye gome la mparachichi, amwite afisa ugani. Baadhi ya wadudu watiwe kwenye spiriti kwa ajili ya DNA. Wengine wapelekwe maabara wakiwa hai ndani ya kipande cha tawi, maana spiriti huua kuvu.