Ajali Ina Kinga: Habari za Majeraha katika Mji wa Moshi

Twaujua sote msemo usemao, Ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa hospitalini, husemwa na dereva asimamaye kando ya chombo chake kilichovunjika, na wote waliopo huitika kwa kutikisa vichwa. Neno lenyewe lina asili yake: ajali, katika Kiarabu lilikotoka, ni muda aliowekewa mtu, siku isiyoongezwa wala kupunguzwa. Kwa hiyo mtu aliyepata ajali huonekana kana kwamba aliandikiwa. Walakini yafaa tuulize, mguu uliounguzwa na bomba la pikipiki uliandikwa wapi? Na kijana aliyejirusha majini asijue kina chake, ni nani aliyemwandikia? Mengi tuyaitayo ajali yana njia yaliyopitia, na njia hiyo ikijulikana yaweza kuzibwa. Nitatoa mfano wa mji mmoja tu, nao ni Moshi.

Mji huu umekaa miguuni pa Kilimanjaro, mita 800 na zaidi juu ya bahari, na watu wake ni watu wa nje. Alfajiri utawaona wakimbiaji barabarani, na wapagazi wakingoja magari ya kuwapeleka malangoni pa mlima. Akina mama hushuka kutoka Kibosho na Uru na ndizi zao kwenda sokoni, vijana wa bodaboda hukaa katika kila njia panda, na wageni wenye mifuko migongoni huuliza njia ya kwenda maporomoko ya maji. Ni mji wenye afya, nami nausifu. Lakini mji ambao watu wake hawakai ndani hujeruhiwa nje.

Mgeni akiulizwa aogopa nini, hujibu upesi: mlima. Nao mlima wastahili kuogopwa, maana kilele chake cha Uhuru kimefika mita 5,895, na hewa ya huko ni nyepesi mno. Waganga waliochunguza vifo vya watalii mlimani tangu mwaka 1996 hata 2003 walipata vifo 25. Katika hivyo, 14 vilitokana na ugonjwa wa mwinuko, yaani maradhi yampatayo apandaye upesi kuliko mwili wake uwezavyo kuizoea hewa hiyo. Vilivyotokana na majeraha vilikuwa 3 tu. Kila kifo ni msiba kwa wenyewe, lakini hesabu hiyo ni ndogo kwa mlima unaopandwa na makumi ya maelfu ya watu kila mwaka. Kuanguka kwa mawe kupo: Januari mwaka 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Lakini aghalabu mlima hauui kwa kishindo. Huanza na kichwa kuuma, kisha kutapika, kisha mtu kuyumba kama mlevi. Na dawa iliyo kuu ni kumteremsha, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa amelipa fedha nyingi na kilele akiona.

Jambo moja la mlimani nataka mlishike, maana nitalirudia. Viongozi wa safari humwambia kila apandaye, Pole pole. Si salamu wala mzaha. Ndiyo kanuni yenyewe. Mtu mwenye nguvu za kukimbia huzuiwa asikimbie, na mwenye siku tano hushauriwa atafute saba.

Wapagazi, ambao mjini huitwa wagumu, taabu yao ni nyingine. Kanuni ya hifadhi imeweka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na malangoni kuna mizani. Ubaya ni kwamba mzigo huweza kuongezwa baada ya mizani, na viatu havipimwi. Mpagazi ashukaye njia ya Mweka wakati wa matope, na viatu vilivyokwisha meno, huteguka kifundo cha mguu au huharibika goti, kwa sababu katika kushuka goti hupokea uzito wa mtu na mzigo wake kwa kila hatua. Jeraha hilo haliandikwi gazetini, lakini mwenye goti bovu hapandi tena, na nyumbani wapo wanaomtegemea. Ninyi wenye vijana waendao mlimani, mkipata fedha za kwanza nunueni viatu kabla ya simu.

Sasa na tushuke mjini, maana ndiko majeraha yaliko. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa nchi yote ya kaskazini. Na waganga wa huko walipowahesabu waliojeruhiwa vichwani, waliona kwamba sehemu iliyo kubwa hutoka barabarani, na pikipiki ndiyo iliyotangulia. Ulimwenguni mambo ni hayo hayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2023 kwamba barabara huua watu kama 1,190,000 kila mwaka, nazo ndizo ziuazo kuliko kitu kingine chochote watu wenye umri wa miaka 5 hata 29. Hao ndio watoto wetu na wanafunzi wetu.

Ajabu yangu ni hii: yule yule aliyekuwa mlimani akiambiwa Pole pole siku saba, akishuka hupanda pikipiki na kumwambia dereva, Wahi! Njia zishukazo kutoka vihambani zina mteremko mkali na kona nyingi, na wako madereva wazimao injini wakiteremka ili kuokoa petroli kidogo, wakabaki na breki peke yake. Yafaa walimu wawafundishe watoto hesabu hii: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo haiongezeki mara mbili bali mara nne. Mtu asemaye ameongeza mwendo kidogo tu hajui alichokiongeza. Mama akiketi nyuma na kusema, Mwanangu, nenda taratibu, nina mtoto mgongoni, asione haya. Na kijana asiyesikia neno hilo, ashukwe papo hapo na kulipwa haki yake ya njia aliyokwenda.

Habari ya kofia ngumu, yaani helmeti, imesemwa sana hata watu wamechoka kuisikia, lakini sababu zake hazisemwi vya kutosha. Ubongo ni laini, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigonga lami, mfupa husimama, bali ubongo huendelea kwenda hata ugonge mfupa kwa ndani. Kazi ya kofia ni kubonyea yenyewe, ili pigo lichelewe na kusambaa. Ndiyo sababu kofia iliyokwisha kuanguka katika ajali haifai tena, hata ikiwa haionyeshi ufa. Na kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini, basi ni kama haikuvaliwa. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi mwaka 2008 walikata shauri kwamba kofia hupunguza vifo vya waendao kwa pikipiki kwa sehemu 42 katika mia, na majeraha ya kichwa kwa sehemu 69 katika mia. Dawa ngapi za dukani zaweza kujisifu hivyo?

Tena abiria husema, kofia ile imevaliwa na watu ishirini, ina jasho, nitapata chawa. Neno hilo ni la kweli, wala simcheki alisemaye. Lakini kitambaa chepesi cha kichwani chatosha kutenga nywele na kofia, na akina mama wengi wanacho tayari. Apandaye kila siku ni heri anunue yake mwenyewe. Kuhusu mishkaki, yaani watu wawili watatu nyuma ya dereva mmoja kama nyama katika kijiti, sitasema mengi. Jina lenyewe limekwisha kusema.

Yako majeraha madogo ya pikipiki yasiyoua ila yaacha alama maisha yote. Bomba la moshi la pikipiki nyingi za abiria liko upande wa kuume, nalo huwa na moto mkali hata baada ya injini kuzimwa. Basi panda na ushuke kwa upande wa kushoto, na mtoto umshushe wewe mwenyewe. Tena kanga na vitenge: ncha yake ikining'inia huingia katika gurudumu na kumvuta mwenyewe chini. Ikunjwe na kukaliwa kabla chombo hakijaondoka.

Waendao kwa miguu na wakimbiaji wana shauri moja kubwa. Katika nchi yetu magari hupita kushoto. Kwa hiyo pasipo njia ya miguu, nenda upande wa kuume, ili gari lililo karibu nawe lije mbele ya macho yako, si mgongoni. Wakimbiaji wengi hufanya kinyume, na masikioni wametia nyimbo. Tangu mwaka 2003 Moshi ina mbio ndefu ya Kilimanjaro Marathon, ifanywayo mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi, wakati wa joto kali. Ni sikukuu njema, lakini wako wasiokimbia mwaka mzima ambao siku ile hutaka kilometa 21 za kupanda kuelekea Mweka na kurudi. Wengine hurudi wakichechemea, wengine hubebwa kwa joto. Miguu hufunzwa kwa miezi, si kwa juma moja.

Majini pia mna jambo. Watu huenda kuogelea katika chemchemi ya Kikuletwa, iitwayo Chemka, ambako iko kamba ya kujirushia, na katika vidimbwi chini ya maporomoko kama Materuni. Kina hubadilika kwa mvua na ukame, na jiwe halionekani chini ya povu. Atanguliaye kwa kichwa mahali asipopajua huweza kuvunja shingo na kupooza tangu siku hiyo. Ingia kwa miguu kwanza, polepole.

Nisije nikawaacha walio vihambani wakifikiri kwamba wao wako salama. Kuanguka ni sababu ya pili ulimwenguni, baada ya barabara, ya vifo vitokanavyo na majeraha yasiyokusudiwa. Miparachichi na migrevilea hupandwa kwa ajili ya matunda, kuni na majani ya ng'ombe, aghalabu asubuhi magome yakingali na umande, na panga mkononi. Panga lisiende juu pamoja na mtu. Lifungwe kamba na kuvutwa akisha kukaa imara. Na wazee wasipande, hata wakisema wameupanda mti ule tangu utoto.

Ikiwa mtu ameumia, mengi huharibika katika nusu saa ya kwanza kwa wema wa majirani. Aliyeanguka toka juu au katika ajali, naye alia shingo au mgongo, asishikwe mikono na miguu na kukunjwa juu ya pikipiki. Alazwe juu ya mlango au ubao, kichwa kikishikwa kisicheze, mpaka gari lipatikane. Damu itokayo sana izuiwe kwa kitambaa safi na kukandamizwa bila kuachia kila mara ili kutazama. Palipoungua pamiminiwe maji safi yasiyo ya barafu kwa muda wa dakika 20; dawa ya meno, mayai, majivu na mafuta visitiwe, maana huficha jeraha na kuingiza uchafu. Aliyegongwa kichwa, hata akisimama na kucheka, aangaliwe usiku kucha. Akitapika tena na tena, akilala usingizi usioamshika vema, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, asingojwe kukuche. Aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, ndipo aende kuchanjwa siku ile ile, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikisha kuonekana hakiponi. Na kila mwenye jeraha la msumari au la udongo aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Kwa walimu ninalo jambo moja la kujaribu, ambalo halina gharama. Wachukueni watoto wa darasa la tano, waketi ndani ya ua wa shule, mbali na ukingo wa barabara, kwa muda wa nusu saa. Nusu yao wahesabu pikipiki zipitazo. Nusu wahesabu vichwa vyenye kofia iliyofungwa, vya madereva mbali na vya abiria mbali. Kisha warudi darasani wageuze hesabu yao kuwa sehemu katika mia, waiandike ubaoni pamoja na tarehe, na isifutwe mpaka baba zao na mama zao waje katika mkutano wa wazazi.