Fahamu: Equitable Life ilivyopoteza imani ya wateja wake

Equitable Life, kampuni ya bima ya maisha iliyoasisiwa London mwaka 1762, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukadiria ada kwa hesabu ya umri wa mtu na uwezekano wa mauti. Na kwa kuwa haikuwa na wenye hisa wa kugawana faida, bali ilikuwa mali ya wenye bima wenyewe, ilijipatia sifa ya uaminifu ambayo hata mawakili na matabibu wa Uingereza hawakuitilia shaka.

Kati ya 1957 na 1988 iliuza hati za pensheni zenye dhamana: mteja akistaafu, akiba yake ingegeuzwa malipo ya kila mwaka kwa kiwango kisichopungua kilichoandikwa. Riba ilipokuwa juu, dhamana hiyo ilionekana si kitu. Riba iliposhuka katika miaka ya 1990, na umri wa watu ukazidi kurefuka, dhamana ikawa deni zito, nayo kampuni ikaazimia kuwapunguzia bonasi ya mwisho, yaani nyongeza ya akiba wakati wa kustaafu, wote walioidai. Huko, kwa rai yangu, kulikuwa kuitimiza ahadi kwa jina na kuibatilisha kwa maana.

Julai 2000 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa nchini humo, likahukumu kuwa kampuni haikuwa na haki ya kupunguza bonasi hivyo. Ikiwa imebaki na mzigo wa dhamana hizo, kampuni ilitafuta mnunuzi, ikamkosa, na Desemba ikaacha kupokea wateja wapya. Mwaka uliofuata akiba za pensheni zikakatwa asilimia 16. Fidia ya serikali, pauni bilioni 1.5, ilitangazwa mwaka 2010, wakati ambapo wastaafu wengi walikuwa wamekwisha fariki.