Friji haifufui chakula kilichoharibika

Jumapili jioni, wageni wakishaondoka, kina mama wengi mjini Nakuru hubaki na pilau iliyosazwa, nusu sufuria ya githeri na nyama ya kupikwa kesho. Vyote husukumwa ndani ya friji, mlango ukafungwa, na jamii nzima ikaenda kulala bila wasiwasi. Je, chakula hicho ki salama kweli?

Friji haiui viini vya maradhi. Kazi yake ni kuvipunguzia kasi ya kuzaana. Chakula kilichoingia kikiwa kimeharibika kitatoka vivyo hivyo.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Usiku mmoja wa Julai niliacha sufuria ya githeri mekoni, nikijiambia kwamba baridi ya Nakuru inatosha. Asubuhi niliitia kwenye friji na jioni tukapasha moto, tukala. Kufikia usiku wa manane kitindamimba wangu alikuwa akitapika na kuendesha, na alfajiri ilitupata hospitalini, mtoto ametundikiwa maji. Namshukuru Mungu alipona.

Kosa langu lilikuwa wapi? Sufuria kubwa hukaa na joto katikati kwa saa nyingi, hata nje kukiwa na baridi. Viini hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60, na vingine huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Baadhi huacha sumu ambayo hata ukichemsha chakula tena haiondoki.

Kwa hivyo, usikiache chakula kilichopikwa nje kwa zaidi ya saa 2. Kigawe katika bakuli ndogo zisizo na kina, au weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, kisha funika na utie kwenye friji. Kipimajoto kidogo kitakuonyesha kama friji yako iko nyuzi 4 au chini yake. Usiijaze pomoni, kwani hewa baridi lazima ipite.

Kila kitu mahali pake

Nyama mbichi, kuku na samaki wa Naivasha huwekwa rafu ya chini kabisa, katika bakuli lenye kifuniko, ili damu isidondokee vyakula vingine. Vyakula vilivyopikwa vikae juu. Maziwa ya kupimiwa yachemshwe kwanza, yapoe, kisha yawekwe ndani, wala si mlangoni ambako joto huingia kila unapofungua.

Nyama ya kusaga, kuku mbichi na samaki visizidi siku 2. Vipande vya nyama ya ng'ombe huweza kukaa siku 3 hadi 5, na chakula kilichosalia siku 3 au 4. Pasha moto kiasi utakachokula tu, hadi kitoe mvuke hata katikati.

Viazi vya Molo, vitunguu na ndizi havihitaji friji. Baridi hugeuza wanga wa viazi kuwa sukari, na chipsi huwa nyeusi kabla ya kuiva.

Stima ikipotea

Tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, wengi walifungua friji kila mara kukagua nyama. Huko ni kuongeza hasara. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa hadi saa 48. Muda huo ukipita, nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa vilivyopoteza baridi vitupwe.

Mama, usitegemee kuonja wala kunusa. Githeri yangu haikuwa na harufu yoyote mbaya. Ukiwa na shaka, mwaga. Kutupa chakula kunauma, najua, hasa bei zilivyo siku hizi, lakini hakuumi kama kukesha kando ya kitanda cha mtoto ukihesabu matone ya maji.