KUCHAMBUA NI MWANZO WA HESABU



Mwanamke anayechuma kahawa hutenga tunda jekundu na tunda bichi bila kusimama. Mchuma chai huyajua majani mawili na kichipukizi kwa kugusa tu. Fundi wa kiwandani hutia mkono katika debe la skrubu akatoa ile ya kipimo chake. Kazi hizi huitwa kazi za mikono, na malipo yake tunayajua. Lakini ndani yake mna jambo lisilotajwa sana: kutazama, kulinganisha na kutenga ndiko kunakofungua mlango wa hesabu. Haya twaweza kumfundisha mtoto kabla hajaingia darasa la kwanza.

Wengi wetu tunadhani mtoto amejua hesabu siku anapoimba moja, mbili, tatu mpaka kumi. Tunampigia makofi. Lakini mwambie akupe mawe manne tu, naye atakumiminia konzi nzima. Ameshika wimbo, hajashika idadi.

Idadi huingia kwa mikono. Kusanyeni vizibo vya soda vya rangi mbalimbali, maharage, vijiti na vikombe vichache. Kwanza mtoto atenge vizibo kwa rangi: vyekundu huku, vya njano kule. Akizoea, vichanganyeni, atenge kwa namna nyingine: vilivyopindika na vilivyo sawa. Hapo ataona kwamba kizibo kile kile huweza kukaa katika fungu hili au lile, kwa kadiri ya swali. Kisha apange vijiti kutoka kifupi hadi kirefu. Kisha kila kikombe kipate harage moja. Maharage yakibaki, atajua yapi mengi hata kabla ya kuhesabu.

Mwisho ndipo ahesabu, akigusa kimoja kimoja. Mwulizeni, “Vyote ni vingapi?” Akianza upya kuhesabu, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Msimkaripie. Akishaelewa, fungeni vijiti kumi kumi, naye atayaona makumi na mamoja kabla ya kuyakuta ubaoni.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alionyesha jambo ambalo kila mzazi anaweza kulijaribu. Pangeni safu mbili za vizibo saba saba, zilingane. Mtoto wa miaka minne atakubali kuwa ni sawa. Sasa tanueni safu moja. Watoto wengi wa umri huo watasema safu ndefu ina vizibo vingi zaidi. Huo si ujinga. Akili yake bado inafuata macho. Dawa yake si fimbo, bali ni kuvishika na kuvipanga tena na tena.

Tunatoa onyo. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe vitu vidogo, maana atavimeza na kupaliwa. Mbegu za mbarika zina sumu. Mbegu zilizopakwa dawa, na makopo au chupa za dawa za shambani, zisiingie nyumbani kabisa, hata zikioshwa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Ubao wa mweso wa Uganda, kama bao la pwani, una mashimo 32 na kete 64. Wazee wanaoucheza chini ya mti hugawa na kujumlisha kwa kasi, na wengine wao hawakukanyaga shule.

Basi vitu ni bure. Kisicho bure ni mahali, na mlezi mwenye nafasi. Hapa tuwatazame wafanyakazi wa Roma, Italia. Katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, wazazi walikuwa wakishinda kazini na watoto wadogo wakibaki peke yao, wakichafua kuta za majengo yaliyokuwa yametengenezwa upya. Wenye majengo wakatoa chumba ili watoto watunzwe. Tarehe 6 Januari 1907 chumba hicho kilifunguliwa, chini ya Daktari Maria Montessori. Yeye hakuridhika na kuwachunga tu. Aliwapa vipande vya mbao vya kutia katika matundu yenye ukubwa mbalimbali, vibao vya rangi vya kulinganisha na fimbo za kupanga kwa urefu. Ameandika juu ya msichana wa miaka kama mitatu aliyerudia kazi ile ya matundu zaidi ya mara 40 bila kuchoka.

Tuzingatie: chumba kile kilifunguliwa ili kuokoa kuta. Kilichokigeuza kuwa shule ni yale yaliyofanyika ndani.

Sisi nasi tunavijua vibanda vya mashambani ambako watoto huwekwa ili mikono ya mama iwe huru kuchuma. Yaya mmoja, watoto wengi, na kimya mpaka jioni. Nchini Uganda, sheria ya elimu ya mwaka 2008 iliacha elimu ya kabla ya shule ya msingi mikononi mwa watu binafsi, na gharama zake ikawabebesha wazazi. Mwenye mshahara wa kibarua atalipa nini? Mkataba Namba 156 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1981, unazitaka nchi zilizouridhia zikuze huduma za malezi kwa wafanyakazi wenye familia.

Kwa hiyo matawi yaliweke jambo hili mezani wakati wa kujadili mkataba wa pamoja: chumba chenye sakafu safi, saa zinazolingana na zamu, na mlezi aliyefundishwa, anayelipwa mshahara wa kweli. Wakati tunadai hayo, tusikae bure. Jioni ya leo, chukueni vizibo na vikombe, mkae chini na watoto.