Bob Moja kwa Kila Kilomita

Wasee wengi wa mtaa hudhani Nai hadi Coasto ni mteremko tu. Nai iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Mombasa iko chini, basi unaachilia breki hadi ufike. Zi. Mwezi wa nane tulinyonga ndinga hizo kilomita 480, mabeshte sita, siku tatu, na siku ya kwanza tu vilima za Salama zilituchapa. Alafu kuna upepo. Kusi inatoka bahari inakuja usoni, na ukishapita Voi kuna penye ni mteremko na bado unanyonga kama mtu anapanda.

Tulienda juu ya sodo. Sistee yangu akiwa darasa la saba alikuwa anabaki keja siku nne kila mwezi, na mathee anashow majirani ni tumbo. Nilikuwa mdogo, sikuwa nimeshika rada. Sheria ya 2017 ilisema serikali impee kila msichana wa shule ya umma mwenye amebaleghe sodo za kutosha, bure. Sheria iko. Lakini keti na madem wa shule ya mtaa wetu uwaulize kama pakiti inawafikia kila mwezi. Tukasema hatungoji. Kila msee tunamjua tulimshow aweke bob moja kwa kila kilomita, 480 bob, na akilemewa aweke venye anaweza. Mama mboga wa stage alilipa kilomita zote, polepole, leo finje, kesho soo. Kila M-Pesa yake ikiingia tukiwa barabarani, mimi nilikuwa naisomea wenzangu kwa sauti.

Barabarani tulikuwa na sheria moja: yule wa polepole ndio anaamua mwendo. Wa mbele anakula upepo, wengine wanajificha kwa mgongo wake, baada ya dakika tano anarudi nyuma kupumzika. Ukijifanya mkali ukimbie peke yako, upepo itakumaliza kabla ya Emali. Na trela hazina huruma. Moja ilipita karibu hadi beshte wetu akatupwa kwa changarawe, goti ikapasuka. Tulimwosha na maji ya kunywa, tukamfunga, tukakaa chini ya mti nusu saa bila kubonga. Yeye ndio alisimama wa kwanza.

Jioni tukaingia Makindu. Hekalu ya Masingasinga pale ilijengwa 1926 na wale walikuwa wanafanya kazi ya reli, na mpaka leo jiko yake inalisha kila mtu mwenye amefika. Unavua njumu, unafunika kichwa, unaosha mikono, unaketi. Hakuna mtu anakuuliza dini, kabila ama doh. Chapo moto, dengu, wali, chai ya maziwa, na ukimaliza unaongezewa. Kulikuwa na dere wa lori upande mmoja na familia ya kutoka harusi upande ule mwingine, wote sahani sawa. Nimedishi hoteli nyingi, lakini sijawahi heshimiwa venye niliheshimiwa kwa hiyo sakafu. Tuliacha mchango kidogo kwa sanduku, tukalala kama mawe.

Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inakata katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Huko hatukungoja giza ituguze, juu simba ni wa ukweli. Tulicheki ndovu ng'ambo ya reli, wekundu kabisa juu ya kuoga mchanga ya huko. Taru ni jua na mibuyu, sina mengi ya kusema, ni kunyonga tu. Mazeras hewa ikabadilika, tukapiga madafu, na saa kumi jioni tukawa chini ya Mapembe, Moi Avenue. Beshte wa goti alilia. Sistee alikuwa amekuja na basi kutungoja, akalia pia.

Doh yote ilienda kwa sodo na suruali za ndani, juu sodo bila suruali haisaidii mtoto. Madam wa shule ya mtaa ndio anagawa, mlango ikiwa imefungwa, mtoto asiaibishwe.

Kama hauna ndinga, hiyo si shida. Shule zikifunguliwa, enda ile iko karibu na keja yako, uliza madam ni pakiti ngapi zinakosekana mwezi huu, alafu ununue hata moja.