Hesabu ya Mbizi Isiwe Mali ya Wachache

Mtu wa visiwani haelezwi bahari ni nini. Wazee wetu walizama kwa pumzi zao wenyewe, na aliyerudi juu alirudi na pumzi ile ile aliyoshuka nayo. Leo wamo miongoni mwa vijana wetu wanaoshuka na mitungi ya hewa, baadhi yao wakiwaongoza wageni, wengine wakitafuta majongoo. Kwa macho kazi ni moja. Kwa mwili wa binadamu ni mambo mawili mbali mbali.

Anayevuta hewa ya mtungi katika kina cha mita 30 huivuta kwa shinikizo lililo mara 4 ya lile la nchi kavu. Naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa, hujipenyeza katika damu na nyama. Akipanda taratibu, hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa pupa, hufanya mapovu ndani ya mwili, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Hapo ndipo huja maumivu ya viungo, kupooza, na hata mauti. Kijana aliyetoka kwao kwa miguu yake hurejeshwa akibebwa, kisha husingiziwa shetani wa baharini.

Kinga yake ni hesabu. Mwaka 1908 J. S. Haldane wa Uingereza na wenzake, baada ya majaribio juu ya mbuzi, walitangaza majedwali ya kupanda kwa vituo. Baadaye Albert Bühlmann wa Zürich, Uswisi, aliukadiria mwili kwa mafungu 16: lililo jepesi hujaa nusu kwa dakika 4, na lililo zito kwa dakika 635, yaani zaidi ya saa 10. Kwa hiyo anayezama mara ya tatu katika siku moja hashuki mtupu. Amebeba mabaki ya mbizi zilizotangulia.

Hesabu hizo sasa hufanywa na kompyuta, na si lazima zinunuliwe. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha Linux mwaka 1991, na ambaye mwenyewe ni mpiga mbizi, alianzisha programu iitwayo Subsurface. Haina bei. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyakagua, kuyarekebisha na kuyagawa, mradi asimnyime mwenziwe uhuru huo huo. Ukiipa kina, muda na aina ya hewa, hukuonyesha usimame wapi, kwa dakika ngapi, na hewa kiasi gani itahitajika. Aidha huhifadhi kumbukumbu za kila mbizi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba mpango wa programu hiyo usitegemewe peke yake, na kwamba ni kwa waliokwisha kufunzwa. Kompyuta haimwoni mzamiaji aliyechoka, wala haijui kwamba mtungi umejazwa hewa chafu. Anayeipa takwimu za uongo atapewa jibu la uongo, na atakayelipa ni mwili wake.

Kwa hiyo ni wajibu wa wahusika wa uvuvi, utalii na afya kukaa pamoja. Kila mzamiaji wa mitungi na aandikishwe na kufunzwa. Kanuni za kupanda ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa madikoni. Oksijeni ya huduma ya kwanza iwepo chomboni. Na wale wanaowaajiri vijana hawa wasihesabu majongoo tu, bali wahesabu na dakika.

Elimu hii imekwisha kutolewa bure. Ikiwa mtoto wa kisiwani atapooza kwa kukosa kuelezwa, hatutakuwa na wa kumlaumu ila nafsi zetu.